Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili. Sijawahi kuandika kitu zaidi ya kitabu cha gereji: tarehe, gari, ugonjwa, dawa. Lakini tangu dada yangu afariki mwezi wa kwanza, nyumba imekuwa kubwa mno. Tulikaa wawili miaka kumi na minne, yeye na cherehani yake, mimi na kucha zangu zenye grisi, na kila jioni nilimsimulia magari yangu japo hakuelewa neno. "Enhe," angesema, "na huyo Beringi akafanyaje?" Alidhani beringi ni mtu. Sasa hakuna wa kusema enhe. Basi nitaandika.

Habari ya leo ni ndogo. Kituo chetu cha afya kina magari matatu, na lenye kazi nzito ni basi dogo jeupe linalobeba wagonjwa sita wa figo kwenda hospitali kubwa kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dereva wake tunamwita Taratibu, na ukimwona barabarani huulizi kwa nini. Amerudi saa kumi, akaja gereji ananawa mikono hewani kama kawaida yake akiwa na wasiwasi.

"Mama Fundi, gurudumu la nyuma kushoto linanuka."

"Linanuka nini?"

"Kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo."

Nikamwambia aliache lipoe, nitaliona kesho.

Jumanne, 5 Machi

Nimeliinua kwa jeki, nikalizungusha kwa mkono. Linazunguka kama feni. Beringi nzima, nati zimekaza, mafuta ya breki hayavuji. Nimemwambia ni tope la barabarani limepikwa na joto. Akasema, "Sawa, mama." Ile sawa ya mtu ambaye hajakubali.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimebadilisha oili ya gari la dawa.

Jumatatu, 11 Machi

Taratibu tena. Gurudumu lilelile. Anasema lilikuwa la moto hata mkono haukai. Safari hii nimeliendesha mwenyewe, nikazunguka uwanja mara nne, nikatoka hadi njia panda nikarudi. Nikaliegesha mahali pake, nikatia gia ya kwanza na tofali langu nyuma ya tairi, nikashuka kupapasa. Baridi kama pua ya mbwa.

Nina jibu langu, ila sijamwambia. Watu wanaoendesha polepole huwa na woga, na mwenye woga hukalia breki. Mguu uko juu ya pedali safari nzima kama kuku juu ya mayai.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Leo kaja na mlango. Ule wa kuburuta, wa abiria. Anasema ukivuta mkono wa ndani mara nyingine haukamati, mpaka uvute mara tatu.

Huu naujua. Ndani ya mlango kuna fimbo nyembamba ya chuma inayounganisha mkono na kitasa, na fimbo hiyo hushikwa na kibanio cha plastiki. Kibanio kilivunjika mwezi wa kumi na moja. Nilimwomba meneja kipya, akasema ataagiza, sikumkumbusha, naye hakukumbuka. Nikaifunga fimbo kwa waya wa kufungia, wa muda tu. Wa muda una miezi minne sasa. Nimefungua mlango, nimeukaza waya, nimepulizia mafuta. Unafunguka vizuri.

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefua, nimepiga pasi, nimepika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nikala cha mmoja. Mwanangu hajapiga simu. Ana kazi ng'ambo na watoto wadogo, simlaumu. Saa kumi nikagundua kwamba sijatamka neno tangu jana jioni. Nikasema "haya" kwa sauti, ili nijue koo bado linafanya kazi.

Jumatano, 20 Machi

Mara ya tatu, na leo nimechoka naye. Kaja wakati walinzi na mpishi wamesimama gerejini kujikinga mvua.

"Mama Fundi, samahani, lile gurudumu..."

"Taratibu," nikamkata, "gari hili limeendeshwa na watu watatu kabla yako na halikumnukia mtu. Labda kiatu chako ndicho kinachonuka."

Wakacheka wote. Na yeye akacheka, kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake. Kwa kawaida mchana huja kula karibu yangu, juu ya tairi kuukuu, na ndiye pekee hapa anayeniuliza nimelalaje. Leo hakuja. Mpishi kasema, "Umemweza!" Nimemweza, ndiyo.

Ijumaa, 22 Machi

Mara ya nne. Hakunitazama usoni. Alisema tu, "Liko vilevile," akanipa ufunguo. Ili yaishe, nimefungua dramu zote mbili za nyuma, vile vikombe vya breki ndani ya gurudumu. Lainingi za kulia, zile pedi zinazoibana dramu, nzima. Za kushoto zimekwisha kabisa, zimebaki karatasi. Nimeweka mpya, nikakaza sawasawa. Nadhani aliyekaza mara ya mwisho alikosea. Aliyekaza mara ya mwisho ni mimi, lakini mwaka juzi.

Jumatano, 27 Machi

Sijui nianzie wapi. Chai imemwagika juu ya ukurasa huu.

Saa mbili kasoro asubuhi simu ililia. Meneja: "Gari linawaka barabara kuu! Njoo!" Nikapanda pikipiki ya mlinzi, mvua inanipiga usoni, sikuhisi. Niliwakuta kilomita sita kutoka hapa, kando ya barabara. Haukuwa moto, lakini moshi ule mweupe mzito uliotoka gurudumu la nyuma kushoto ungedhani nyumba inaungua. Wagonjwa watano walikuwa wamesimama kwenye majani, wamejifunika turubai moja. Wa sita, bibi mmoja anayekaa kilimani, alikuwa amelala chini, kichwa mapajani mwa Taratibu.

Wamenieleza kwa vipande. Moshi uliingia ndani kupitia sakafu. Taratibu akasimamisha gari, akaruka, akavuta mlango wa abiria kwa nje: haukamati. Wa ndani nao wakavuta: unachezacheza tu kama jino la mtoto. Gari lile halina mlango mwingine wa abiria. Ndani watu sita, wengine hawawezi kusimama bila kushikwa, wanakohoa, mmoja anasoma sala. Taratibu akaingia kwa mlango wake, akawavuta mmojammoja juu ya kiti cha dereva. Bibi alikuwa wa mwisho kwa sababu alisema, "Anza na hao." Akamshika mkono uliokuwa karibu. Ulikuwa mkono wa kushoto, ule wanaomchoma sindano za kusafisha damu. Mkono ule mgonjwa wa figo hata kikapu habebei. Ulivimba palepale.

Ambulensi ya hospitali imewachukua wote. Bibi amelazwa. Wengine wamesafishwa, wako salama.

Taratibu ana lengelenge kwenye kiganja. Aliigusa rimu akijaribu kumwagia maji ya kunywa. Alinitazama, maji yanamtiririka usoni. Hakusema "nilikuambia". Laiti angesema.

Alhamisi, 28 Machi

Nimefika gereji kabla ya watu wote. Nimefungua mlango wa gari. Waya ulikuwa umekatika, kipande kimoja kimebaki kwenye fimbo.

Nimeutoa.

Saa tatu meneja akaja na karatasi. Akauliza chanzo cha moshi. Nikasema, "Dereva anakalia breki. Nimeweka lainingi mpya Ijumaa, kazimaliza kwa siku tano." Akauliza kuhusu mlango. Nikasema kitasa kimezeeka. Yote mawili yana ukweli wa aina fulani, na nilivyoyasema, hata mimi nilijiamini.

Ijumaa, 29 Machi

Taratibu ameachishwa kazi. Alirudisha ufunguo mlangoni kwa mlinzi.

Jumatatu, 1 Aprili

Dereva mpya. Kijana mchangamfu, anatembea kama anakimbizwa. Tayari wanamwita Chapchap. Kibanio cha mlango kimefika. Meneja aliagiza Ijumaa, kikaja leo. Siku tatu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimelipapasa gurudumu mara tu aliporudi. Baridi.

Ijumaa, 5 Aprili

Baridi. Mvua kubwa. Meneja kapita, akaniinulia kidole gumba. "Unaona? Kumbe ni mguu wa yule bwana."

Jumatatu, 8 Aprili

Baridi.

Nilidhani nitafurahi. Kila linaporudi poa nasema moyoni, haya, ulikuwa sahihi, kalale. Silali. Mchana nimekula peke yangu nikitazama mvua inavyojaa kwenye tairi. Chapchap hali nasi, hula njiani, na salamu yake ni "Vipi!" akiwa ameshapita.

Jumatano, 10 Aprili

Bibi wa kilimani ametoka hospitali, ameanza tena safari. Mkono umepona, wanasema. Sikutoka gereji kumsalimia.

Jumamosi, 13 Aprili

Jana jioni, nikifagia gari, nilikuta fimbo ya kutembelea chini ya kiti. Nikaijua, ya bibi wa kilimani. Leo sina kazi, nikaamua kumpelekea. Ninajidanganya hata humu: nilitaka kuona kama ananichukia.

Anakaa juu kabisa, mwisho wa barabara ya udongo inayopanda kama ngazi. Nilipofika nilikuwa nahema. Chumba chake kina kitanda, redio, na dirisha linalotazama chini bondeni. Akanikaribisha kitandani maana kiti kimoja kina nguo.

"Mwanangu, umepanda mlima wote huu kwa ajili ya kijiti?"

"Utatembeleaje bila hicho, bibi?"

"Ndiyo hivyo, nimeshikilia ukuta tangu jana. Yule mpya wenu hanipi nafasi. Anapiga honi chini pale, gari linanguruma, amekanyaga breki kwa mguu wake hivyo, mimi nashuka mtelemko kwa makalio kama mtoto. Nikiingia tu, vuu! Fimbo niliisahau kwa haraka zake."

"Na Taratibu je?"

"Yule!" Akatabasamu. "Yule alikuwa anaegesha hapa mlangoni, anavuta ile breki ya mkono, krrr, mpaka mwisho, anaweka na jiwe. Anakuja ndani. Ananiuliza nimekunywa dawa. Tunashuka pole pole, dakika kumi, mvua inyeshe isinyeshe. Jioni vilevile. Wewe unasema alikuwa anakalia breki?"

Kumbe alijua nilichosema.

"Mimi nilikaa nyuma yake miezi saba," akasema. "Hakai juu ya breki. Lakini mimi mgonjwa tu, hakuna aliyeniuliza."

Nilikuwa bado nasikia ile krrr. Nikasimama. Nikamwambia nimekumbuka kazi. Nilishuka mlima ule nikiteleza, nikaanguka mara moja, na nadhani nilikuwa nasema peke yangu, maana mtoto mmoja alinipisha njia kwa hofu.

Breki ya mkono. Kwenye uwanja wetu tambarare siivuti kamwe. Natia gia na tofali langu. Madereva wa zamani hawakuivuta. Chapchap haivuti. Ni mtu mmoja tu aliyeivuta, kila safari, kwenye mlima, ndani ya mvua, kwa sababu ni mtu mmoja tu aliyeshuka kumshika bibi mkono.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwomba mlinzi anifungulie. Nimevuta hendibreki, nikaliacha gari mvuani dakika kumi. Nikaiachia. Nikaendesha barabara kuu kilomita kumi na mbili. Niliposhuka, ile harufu ya pasi ilinisubiri. Nikaweka kidole kwenye rimu nikakiondoa haraka.

Nimefungua kebo ya kushoto ya hendibreki. Ganda lake la nje limepasuka mahali linaposugua chuma, ufa usiozidi ukucha. Maji yanaingia humo. Ndani kuna kutu nyekundu. Ukivuta, kebo inakwenda; ukiachia, hairudi yote. Lainingi zinabaki zimeikumbatia dramu, zinasugua, zinachemka. Likipoa na kutikisika, linajiachia lenyewe, na fundi hodari akija kesho yake na jeki yake anakuta feni. Na nilipoweka lainingi mpya, nene, ndipo nilipoizidishia dramu kumbato.

Na zile lainingi za kushoto kuisha peke yake! Pedali hukaza magurudumu yote. Mguu wa dereva hauchagui upande. Hilo ni somo la wiki ya kwanza ya ufundi.

Nimerudi nyumbani nikasoma daftari hili tangu mwanzo. Lote limo. Tarehe nne, tarehe kumi na moja, tarehe ishirini, tarehe ishirini na mbili. Niliandika kila alichosema, kwa mkono wangu, na kila mara nikaandika jibu chini yake kama mwalimu anayesahihisha. Sikumsikiliza hata mara moja. Nilikuwa na hamu ya mtu wa kuzungumza naye, na mtu alikuwa anakuja anazungumza nami.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeweka mezani kwa meneja vitu viwili: kebo, na kipande cha waya kilichokatika. Nilikuwa nimekihifadhi kwenye kopo la nati. Sijui nilikihifadhi kwa nini, kama si kwa leo.

Nikaeleza. Alipofahamu, akavua miwani.

"Mama, jambo hili lilikwisha."

"Halijaisha. Kuna mtu hana kazi."

"Na ule waya uliutoa kabla sijakagua?"

"Ndiyo."

Akachukua kile kipande cha waya, akakigeuza kwenye mwanga. Ni mtu mwenye haraka siku zote, ile polepole yake ilinitisha kuliko kelele. Kisha akasema, "Hata mimi sikuagiza kibanio." Halafu: "Lakini nitakuandikia barua ya onyo. Na kazi zako zote za breki na milango zitakaguliwa na fundi wa nje kwa miezi sita."

Miaka tisa sijawahi kukaguliwa. Nikasema, "Andika."

Jumanne, 16 Aprili

Nimemkuta Taratibu kwenye duka la vifaa la shemeji yake, anapima misumari.

"Mama Fundi! Kuna gari limekufa?"

Nikamwambia yote, nimesimama, wateja wakipita katikati yetu. Kebo. Breki ya mkono. Waya. Alisikiliza huku mkono ukiendelea kumimina misumari kwenye mizani, mpaka ikamwagika.

"Waya uliutoa lini?"

"Kesho yake asubuhi."

"Kabla ya meneja."

"Kabla ya meneja."

Akaanza kuokota misumari. Nikainama kumsaidia, akasema, "Acha." Baadaye akasema, bado ameinama, "Mke wangu aliniuliza mara moja tu: kweli hukukalia breki? Nikasema kweli. Lakini usiku nikaanza kujiuliza mwenyewe. Nikitembea, natazama mguu wangu wa kulia. Nikaudhania mguu wangu mwenyewe, mama."

Akaurudisha msumari wa mwisho kwenye mizani.

"Nilikuambia mara tatu."

"Nne," nikasema. "Niliziandika."

"Uliziandika?"

"Niliziandika."

"Na bado."

"Na bado."

Mteja akauliza bei ya bawaba. Taratibu akamgeukia.

Jumatatu, 22 Aprili

Amerudi. Meneja alimpigia mara mbili; mara ya pili alimpa bibi simu. Chapchap kahamia gari la dawa. Taratibu kapita mlangoni kwangu, akasema, "Shikamoo." Zamani alikuwa ananiuliza nimelalaje.

Jumatano, 24 Aprili

Sasa hasemi hitilafu kwa mdomo. Anaandika kwenye kitabu, mwandiko mzuri, kila siku: Gurudumu la nyuma kushoto, poa. Mlango, sawa. Kisha sahihi.

Ijumaa, 3 Mei

Poa. Sawa. Sahihi.

Fundi wa nje kaja kukagua. Umri wa mwanangu. Ananiita mama na kugonga kila nati niliyokaza.

Jumapili, 5 Mei

Mwanangu kapiga simu. Nilimwambia habari yote, hata ya waya. Akasema, "Mbona hukuwahi kuniambia kwamba uko peke yako hivyo?" Mimi nilimsimulia breki, yeye kasikia hilo.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya tano bila mvua. Nimemwomba meneja ruhusa nipande gari la wagonjwa kwenda na kurudi. Miaka tisa nalitengeneza, sijawahi kulipanda likiwa limejaa. Taratibu alisema, "Kiti kiko," akawasha.

Kilimani akavuta hendibreki na kuweka jiwe lake, akaingia ndani kwa bibi. Nilikaa peke yangu nikihesabu dakika. Zilikuwa kumi na moja. Bibi alipopandishwa akanitazama.

"Leo na wewe mgonjwa?"

"Mzima, bibi. Nimekuja kulisikiliza gari."

"Basi nyamaza ulisikilize."

Wote wakacheka, nami. Tukawapitia watano wengine, tukaingia barabara kuu. Niliinamisha sikio upande wa kushoto njia nzima. Nilisikia tairi, upepo, mgonjwa mmoja akikoroma, bibi akimsimulia jirani yake kuhusu redio. Taratibu hakunisemesha, na kwenye kioo hakunitazama.

Hospitalini, wagonjwa walipokwisha kushuka, alizunguka nyuma ya gari, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye rimu ya kushoto. Kovu la lengelenge limebaki, rangi ya waridi. Akakiacha hapo. Kisha akasogea kidogo, nami nikachuchumaa, nikaweka changu.

"Baridi," akasema.

"Baridi."

Tukabaki tumechuchumaa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama.

"Wanamaliza saa nane na nusu," akasema. "Kuna kibanda cha chai ng'ambo ya geti. Mimi huwa nawasubiri pale."

Hakusema karibu. Hakusema usije. Alifunga mlango wa abiria, akaujaribu mara moja, akaondoka kwa mwendo wake uleule. Nilisimama kidogo kando ya gari. Kisha nikachukua mkoba wangu nikamfuata, hatua kama kumi nyuma yake. Nadhani alisikia nyayo zangu, maana hakugeuka, lakini alipofika getini alilishikilia, lisijifunge.